Mtani Aliyemvaa Baba

Mwezi uliopita nilikwenda Visiga kwenye msiba wa mkwe wangu. Watu walikuwa wengi, wakaniingiza chumba cha uani nipumzishe mgongo. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia koti zito la mwanamume, la namna ambayo siku hizi huioni tena. Mvua ilikuwa imevuja batini ikalilowesha, na chumba kizima kikanuka nguo mbichi, tumbaku na moshi wa kuni. Nikashika ukuta. Mwanamke aliyenipeleka akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimechoka tu. Ningemwambia nini? Kwamba nilipokuwa mtoto niliamini Visiga ndiko wanakokaa wafu, na kwamba koti kama lile nililiona likitembea kurudi nyumbani siku ya tatu baada ya baba kuzikwa?

Tulikaa Marui. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, imezungukwa na mihogo, na njia ya kwenda Kurui ilipita mbele ya mlango wetu. Baba alikuwa na koti la kijeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Waingereza, pamoja na mguu wa kushoto usiokunjika vizuri gotini. Koti alilivaa asubuhi za mvua na jioni baada ya kuoga. Mguu aliuburuta siku zote, akiandika mstari vumbini, na mimi niliweza kuufuata mstari ule kutoka mlangoni mpaka shambani nikajua alipo. Kabla hajaingia uani alikuwa akikohoa mara mbili, kikohozi kifupi cha kubisha hodi. Nilikuwa na jina la bibi, mama yake mzazi, kwa hiyo hakuniita mwanangu. Aliniita mama. "Mama, umeshindaje?" Nami nikiwa na miaka kama saba hivi nilijibu kwa heshima zote, "Nimeshinda salama, baba," naye akainamisha kichwa kama mtu aliyepokea baraka.

Alikufa msituni. Walikuwa wanakata miti ya mkaa, mti mmoja ukaanguka upande usiotazamiwa. Haya niliyaambiwa baadaye sana. Siku yenyewe nilichukuliwa mbiombio nikapelekwa nyumba ya jirani kabla hawajamleta, nikakaa huko siku tatu nikilishwa vizuri kuliko kawaida. Nilipouliza baba yuko wapi, yule jirani alitazama pembeni akasema, "Baba yako amekwenda Visiga." Nilikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Huko walikwenda wanaume kukata mkonge, wengine wakarudi na wengine wasirudi. Nikaridhika. Ila nilishangaa kwa nini kila aliyenitazama alinishika kichwani.

Hapa inabidi niwaeleze habari za Maganga. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani ujanani kukata mkonge huko huko Visiga. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao, akaoa Kurui, akalima. Yeye na baba walikuwa marafiki wa kutukanana. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na zamani hizo utani haukuwa maneno ya barazani tu. Mtu akifa, mtani wake ndiye aliyeruhusiwa kufanya lile ambalo ndugu hawezi: alivaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, waliofiwa wakacheka katikati ya machozi. Ninyi wa rika langu mmeyaona. Lakini mimi siku ile nilikuwa sijayaona, wala hakuna aliyenitayarisha.

Nilirudishwa nyumbani alasiri ya siku ya tatu, siku ya kuvunja matanga. Ua ulijaa majamvi na watu. Mama sikumwona. Bibi alinionyesha mlango wa chumba uliofungwa akasema mama yuko eda, hatoki nje, hatazamwi na wanaume mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Sikuelewa eda ni nini. Nilielewa kwamba mama amefungiwa, na kwamba baba hayupo.

Ndipo nikasikia kikohozi. Mara mbili, kifupi, nyuma ya ua.

Watu wakageuka wote kwa pamoja. Koti likaingia. Nasema koti kwa sababu ndilo nililoliona kwanza, na chini yake mguu wa kushoto unaburutwa, unaandika mstari. Kofia ilikuwa imeshushwa mpaka kwenye nyusi, kama alivyoishusha baba jua likiwa upande ule. Alisimama, akawatazama waliokaa, akajikuna sikio kwa kidole kidogo, na mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti kwa sababu ya kidole kile tu.

"Nani kawaambia mchinje mbuzi wangu?" akasema. Ilikuwa sauti ya baba, yenye mkwaruzo wa tumbaku. "Nimegeuka kidogo tu, mmeshakula! Na wewe," akamgeukia mzee mmoja, "umekalia jamvi langu jipya na hilo shuka lako lisilofuliwa!"

Watu wakacheka. Walicheka wakishikana, wengine wakafuta macho kwa ncha za kanga. Mimi sikuona la kuchekesha. Baba amerudi kutoka Visiga na amekasirika, na watu wanamcheka. Nikachomoka kwa bibi nikakimbia, nikalikumbata lile koti kwa nguvu zangu zote. Lilinuka yeye.

Kicheko kikakatika. Nilihisi mwili ndani ya koti ukishtuka, ukakaza. Kisha mkono ukashuka taratibu kichwani kwangu.

"Mama," akasema, "umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, baba."

Akainamisha kichwa. Na kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, tukasikia chungu kikianguka na kuvunjika. Hakuna aliyecheka tena. Bibi akaja akanibandua vidole kimoja kimoja.

Koti lilipoondoka nililifuata. Watu walikuwa wanagawana chakula, hakuna aliyeniona. Koti lilikuwa mbele yangu kwenye njia ya Kurui, kati ya mikorosho, na mimi nyuma, nikikanyaga juu ya mstari wa mguu wake. Kilichonitia hofu nakijua sasa, ingawa wakati ule nisingeweza kukitaja. Hapakuwa na mtu wa kumtazama. Ua ulikuwa mbali nyuma yetu, njia ilikuwa tupu, na bado alichechemea. Aliburuta mguu ule ule, akainua bega lile lile, akakohoa peke yake. Nilimwita, "Baba!" Hakugeuka. Akaongeza mwendo, na mguu ukaongeza kuburutika.

Kwenye kijito, mahali tulipochotea maji, aliketi juu ya gogo. Akavua kofia. Akafungua vifungo vya koti, akachomoa mkono mmoja, halafu wa pili, na wakati anachomoa, uso wa baba ukaondoka. Siwezi kulisema vizuri zaidi ya hivyo. Mashavu yalishuka, macho yakawa madogo, mgongo ukanyooka, na pale alipokuwa ameketi baba akawa ameketi Maganga wa Kurui, anahema, anajikanda goti. Kisha akalikunja koti vizuri, mara mbili, akaliweka magotini.

Niliona amemvua baba yangu na kumkunja.

"Umemweka wapi?" nikapiga kelele. "Umemweka wapi baba?"

Maganga akaruka akasimama. Aliponitambua alifunika mdomo kwa mkono. "Wewe mtoto! Umekuja na nani?"

"Mtoe! Mtoe humo!"

Alichuchumaa mbele yangu, akalisukuma koti nyuma yake kama mtu anayeficha kisu. "Sikiliza. Baba yako amekufa. Hawakukuambia? Amekufa, tumemzika juzi. Mimi ni Maganga, mtani wake. Nilikuwa namwigiza."

"Amekwenda Visiga."

"Visiga nimetoka mimi, nimekaa miaka. Hayuko huko."

Basi hapo ndipo nilipoharibikiwa kabisa. Akilini mwangu, mtu aliyetoka Visiga ndiye aliyejua njia ya kurudi, na kama alisema baba hayuko, basi alikuwa anamficha. Akanibeba mpaka nyumbani. Bibi alimfokea mbele ya watu, na Maganga, ambaye siku zote alikuwa na jibu, alimsikiliza mpaka mwisho, koti likiwa kwapani. Kisha akaondoka, na mimi nikamwona kwa macho yangu, na watu wengine wakamwona: hakuwa na koti mwilini, lakini alikuwa bado anachechemea.

Siku zilizofuata habari ikazagaa Marui na Kurui kwamba mguu wa marehemu umemganda Mnyamwezi. Alionekana akienda shambani anaburuta. Mkewe alisema hata akiamka asubuhi hutanguliza mguu wa kulia, ule wa kushoto anauinua kwa mikono. Wengine walitaka aogeshwe dawa. Wengine walipishana naye kwa mbali.

Nyumbani mama alikuwa anakwisha. Bibi alimpelekea uji, ukarudi ulivyokwenda. Kila alasiri alikaa ndani ya kaniki yake akiuelekea mlango, na mimi nikiingia alinivuta karibu na kuniuliza maswali yale yale, kwa sauti ya chini ili bibi asisikie.

"Alivaa koti?"

"Alivaa."

"Limefungwa mpaka juu?"

"Kifungo cha juu hakikufungwa."

"Alijikunaje sikio? Nionyeshe."

Mimi nilimwona. Mama alisikia tu sauti ya mumewe uani na hakuruhusiwa kufungua mlango. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Haikupita wiki mbili, Maganga akaja kutusaidia kuchimba mihogo. Alikuja na koti mkononi, limekunjwa. Kwa desturi lilikuwa lake sasa, mtani huondoka na nguo aliyoivaa, lakini alisema hawezi kulala nalo nyumba moja. Bibi alikataa kulipokea. Likabaki juu ya kisiki, kando ya shamba, na sisi wawili tukabaki tunalitazama.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

"Mvae tena. Mama anataka kumwona."

"Mama yako yuko eda. Mimi siruhusiwi hata kupita dirishani kwake." Akajikanda goti. "Na nikimvaa tena sijui kama atanitoka. Mguu wenyewe huu, unauona."

"Kwa nini hautoki?"

Hakuna mtu mzima aliyekuwa amenijibu swali lolote tangu baba apotee. Maganga alinijibu. Aliketi chini, jembe mapajani, akanieleza kama anavyomweleza mtu mzima mwenzake. Alisema hakuanza kumsoma baba siku aliyokufa. Alimtazama miaka yote, akila, akilewa, akiswali, akigombana na mkewe, na baba alijua anatazamwa, naye alikuwa anamtazama Maganga vivyo hivyo. Walikuwa wakitishana kwa vicheko: ukitangulia nitakuvaa mimi, nikitangulia utanivaa wewe. "Siku zote tumemvaa marehemu, watu wakacheka, tukamvua, tukala nyama," akasema. "Siku ile nilikuwa nataka kumvua, ukanikumbata. Ukaniona ni yeye. Ningekuambia nini, mimi Maganga? Nikaona bora akusalimu yeye. Nilipomwita akusalimu, akaja zaidi ya nilivyomwita."

"Ulimwitaje?"

Akalitazama koti. Nadhani alikuwa anapima kama ni dhambi. Kisha akalichukua koti akanivika. Pindo lilifika chini, mikono ikaning'inia.

"Watu hudhani unaanza na sauti," akasema. "Sauti iache, itakuja yenyewe. Anza na mguu. Usiuburute tu, ukiuburuta tu utachekesha. Jiulize unamuuma wapi."

Nikatembea. Akatikisa kichwa. "Hapana. Huo ni mguu wako unaojifanya mbovu. Baba yako hakutaka mtu ajue kwamba unauma. Tembea kama mtu anayeuficha."

Nikajaribu tena, katikati ya matuta ya mihogo, jua likiwa kali utosini. Nikaficha maumivu nisiyokuwa nayo. Na mara hiyo kitu kikashuka. Bega langu likapanda bila mimi kulipandisha. Kidole kidogo kikaenda sikioni. Nikaona shamba kutoka mahali pa juu kuliko kimo changu, nikajua ni tuta lipi limechelewa kupaliliwa, nikaudhika kidogo. Nikamtazama Maganga, nikamwona ni rafiki yangu, mpumbavu, ninayempenda.

Alirudi nyuma hatua mbili. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Basi," akasema. "Basi, vua."

Nilipolivua, nikajua. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu kama unavyojua umelowa. Kama baba alikuwa kwenye mguu wangu na kwenye mguu wa Maganga, basi hakuwa Visiga, hakuwa kokote ambako mtu anaweza kutoka kwa miguu yake mwenyewe akarudi. Nikakaa kwenye tuta nikalia kwa mara ya kwanza, na Maganga akakaa karibu bila kunigusa. Alipoinuka kuondoka, alikwenda kwa miguu yote miwili. Mimi ndiye niliyemwambia, "Umepona." Alijishika goti kwa mshangao, akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka akanitazama kwa huruma.

"Ukimvaa kwa ajili ya mama yako," akasema, "usimvue mpaka amalize naye. Hata ukiogopa. Ukimwacha katikati, ndipo anapokuganda."

Nilisubiri bibi aende kijitoni kuchota maji. Ilikuwa ile saa ya alasiri ambayo mama aliuelekea mlango. Nikalivaa koti uani, nikasimama pale pale alipokuwa akisimama, nikakohoa mara mbili. Nikasukuma mlango.

Chumbani mlikuwa na giza la kaniki na harufu ya uji uliochacha. Nilisimama kwenye mwanga wa mlango, yeye akaniona kivuli tu. Hakupiga kelele. Alishika mkeka kwa mikono yote miwili kama mtu aliye kwenye ngalawa.

"Umekuja," akasema.

Nikainamisha kichwa. Nikaingia nikiuficha mguu, nikaketi mahali pake.

Mama akaanza kusema. Hakusema na mimi. Alisema asubuhi ile alikuwa anapepeta mchele. Alisema, "Ulisimama mlangoni ukaniaga. Ukasema, haya mke wangu, nakwenda. Nilikusikia. Nilikusikia vizuri kabisa, nikajifanya sisikii. Kwa ajili ya kuku! Yule mwekundu uliyewachinjia wageni bila kuniuliza. Kuku mmoja. Ulingoja kidogo, nikasikia unavyongoja, nikaendelea kupepeta. Ukaenda." Aliyarudia, tena na tena, na kila alipoyarudia sauti ilishuka, mpaka akawa anapumua tu. "Sikukujibu," akasema. "Umeondoka bila jibu langu. Unanisikia?"

Nilitaka kukimbia. Nilikuwa mtoto, mama yangu alikuwa ananitazama na hanioni. Jasho lilinitiririka ndani ya lile koti. Lakini alikuwa ameniuliza, na aliyeulizwa alitakiwa kujibu. Mdomo ukafunguka.

"Nilisikia ungo ukisimama kidogo," nikasema. "Nikajua umenijibu."

Haikuwa sauti yangu. Sisemi ilikuwa ya nani.

Mama alitoa mlio mdogo, kama wa mtu aliyeondolewa mwiba. Akajikunja mpaka paji la uso likagusa mkeka, akalia hivyo kwa muda mrefu, na mimi nikakaa pale pale nisimguse, mguu wa kushoto umenyooka mbele, mpaka kwikwi zikapungua, mpaka zikaisha, mpaka akajikohoza, akajipangusa na kuinua macho. Akaniona. Niliona hasa wakati anaponiona mimi.

"Mwanangu," akasema, "vua hilo koti, utaugua kwa joto."

Nikalivua. Akaomba uji, akanywa.

Maneno yale ya ungo nimeyafikiri maisha yangu yote. Asubuhi ile mimi nilikuwa bado nimelala. Huenda usingizini nilisikia mchele ukipepetwa, nikasikia ungo ukinyamaza kidogo, na sikio la mtoto likaliweka jambo lisilolielewa. Huenda. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama mara moja tu kama kweli ungo ulisimama. Alikuwa anachambua mboga. Alichambua majani matatu au manne kabla ya kunijibu.

"Ulisimama," akasema. "Nilitaka kuinuka nimfuate. Na hilo sijamwambia mtu yeyote."

Mama aliishi mpaka uzee mkubwa. Aliolewa tena, akazaa wadogo zangu wawili, akafurahi kama watu wengine wanavyofurahi. Ila tangu alasiri ile mpaka kufa kwake hakuwahi kumwacha mtu atoke mlangoni bila kumjibu. Hata awe analala, hata awe anaumwa, hata kama mmegombana mpaka hamtazamani, ukisema nakwenda, sauti yake ilikufuata nje haraka, haraka mno, kama mtu anayewahi kitu kinachodondoka: "Haya. Nimekusikia. Nenda."